Chujio la mkaa wa mifupa: maoni yangu baada ya kulitumia nyumbani Nakuru

Kama unaishi Nakuru, unatumia maji ya kisima yaliyopimwa yakakutwa na floraidi nyingi (madini ambayo yakizidi huharibu meno) na una mtoto ambaye hajafika miaka minane, nunua chujio hili. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua wengine mnasoma mkiwa kwenye matatu na hamtafika mwisho. Mwenye nafasi akae, kwa maana chujio lenyewe lina mambo ya kujua kabla hujatoa pesa, na kuna mazoea ya jikoni ambayo usipoyagusa utakuwa umenunua ndoo za bure.

Kwa macho tu, hii ni ndoo mbili za plastiki zilizopandana. Ya juu imejazwa chenga nyeusi za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ya chini ni ya kuhifadhi maji na ina bomba. Kazi yake ni moja, kuondoa floraidi kwenye maji. Haliondoi ladha ya chumvi na haliui vijidudu. Muuzaji akikuambia linafanya yote hayo, huyo hajui anachouza.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu ni ndogo, iko mjini, na kazi inayonilisha ni picha za pasi, picha za wanafunzi na harusi za Jumamosi. Nayaona meno ya watu wa kaunti hii kwa karibu kuliko watu wengi, nikiwa nimeyakuza kwenye skrini. Kuna bibi harusi mmoja kutoka upande wa Elementaita ambaye alicheka siku nzima, msichana mwenye furaha kweli, na katika kila picha nzuri, zile ambazo hakujua nampiga, kiganja kiko mdomoni. Zile alizojua zinapigwa, midomo imefungwa. Wiki iliyofuata akaja na mumewe kuchagua picha za albamu, akaninong'oneza kama ninaweza kumsafisha madoa ya meno kwenye kompyuta. Ombi hilo nalisikia karibu kila wiki. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kwenye jino lenyewe doa hilo halitoki kwa mswaki, kwa sababu liliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi.

Hapo ndipo ubaya wa floraidi ulipo. Meno ya utotoni mara nyingi hayaonyeshi kitu. Mtoto ana miaka mitatu, minne, anacheka meno meupe, na mzazi ana amani. Wakati huo huo meno ya ukubwani yanaumbwa chini ya ufizi, na kila kikombe cha maji kinaandika humo. Akifika miaka sita au saba, anang'oka ya utoto, na yale mapya yanaota yakiwa tayari na mistari myeupe kama chaki au madoa ya kahawia. Mzazi anasema mtoto hapigi mswaki. Anapiga. Jambo lilikwisha kutendeka miaka kadhaa nyuma.

Floraidi yenyewe hutoka kwenye mawe. Bonde la Ufa limejengwa na volkano, na maji yanayokaa chini ya ardhi muda mrefu yakipita kwenye mawe na majivu ya volkano huyeyusha madini hayo. Maziwa yetu mawili, Nakuru na Elementaita, hayana mto wa kuyatoa maji nje. Maji yanapanda angani kwa jua na madini yanabaki kurundikana, ndiyo maana hakuna anayefikiria kuyanywa. Kisima kinahadaa zaidi kwa sababu maji yake yanatoka baridi na safi. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji matamu kabisa mdomoni yanaweza kuwa nayo nyingi, na yenye chumvi yakawa na kidogo. Niseme pia, ili mtu asitoke hapa na hofu isiyo na maana, kwamba floraidi kidogo inalinda meno yasioze, na ndiyo sababu imetiwa kwenye dawa ya meno. Shida inaanza inapozidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka mwisho kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Kisima cha plot yetu kule Lanet kilipimwa, kikatoa 6.1.

Kisima cha jirani aliye ng'ambo ya barabara kilitoa 2.3. Ni mwendo wa kurusha jiwe tu, na hivyo ndivyo visima vilivyo: kina kinatofautiana, mawe yanatofautiana. Kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani ukakifanya chako, wala usinunue chujio kabla ya kupima. Huenda maji yako yako sawa na huna haja ya kutumia hata shilingi.

Sasa mazoea. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni imani yetu juu ya kuchemsha. Tumefundishwa kuchemsha maji tangu shule ya msingi, na fundisho hilo ni sahihi, kipindupindu na homa ya matumbo si vitu vya kuchezea. Lakini moto hauigusi floraidi. Kinachopanda ni mvuke, floraidi inabaki ndani ya sufuria, na maji yakichemka hadi yapungue, yaliyobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa lita kuliko ulivyoyatia. Dawa ya klorini nayo haiitoi. Chujio lile la udongo wa kauri linalouzwa madukani, zuri sana kwa vijidudu, haliitoi. Ninazijua nyumba zinazochemsha maji kwa uangalifu wa kusifiwa, zinayafunika, zinayamimina kwenye mtungi uliosuguliwa ukang'aa, na mtoto anapewa kwa upendo wote. Inaniuma, kwa sababu hao si wazazi wazembe.

Ukiangalia githeri utaelewa zaidi. Mahindi makavu na maharagwe yanakaa jikoni saa tatu, mara nyingine zaidi, na kila maji yakikaribia kukauka unaongeza. Mpaka yaive, umetia pengine lita tano. Kwa maji ya kisima chetu, hizo lita tano zilibeba miligramu 30 na ushee za floraidi. Maji mengi yameondoka kama mvuke, mengine yamenyonywa na mahindi, na floraidi yote imebaki kwenye chakula. Mtu anayechuja maji ya kunywa peke yake na kupikia ya kisima ameziba tundu dogo akaacha kubwa wazi. Nyumbani kwetu tunatumia kama lita 20 kwa siku kwa kunywa, chai, uji na mapishi yote. Kuoga, kufua na kuosha vyombo tunatumia ya kisima kama kawaida, hayana neno.

Uji nautaja peke yake. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mwili wake unamkinga mtoto. Kinga hiyo inaisha siku mtoto anapoanza uji, kwa kuwa uji ni maji kwa sehemu kubwa. Kama pesa za kuchuja maji ya nyumba nzima hazipo, anza na maji ya uji.

Kisha chai. Mchai unavuta floraidi kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani, na majani yaliyokomaa yana nyingi kuliko machanga. Chai kali iliyokolea inaweza kuongeza miligramu moja au zaidi kwa lita, juu ya ile iliyomo kwenye maji. Mtu mzima anayekunywa maji mazuri hana cha kuogopa hapo. Ila sisi tuna zoea la kumpa mtoto wa miaka miwili chai asubuhi na jioni, majani yamechemshwa hadi yakawa meusi, kwa maji ya kisima. Kwetu watoto wanapewa maziwa, na yakikosekana wanapewa maji. Sisi wakubwa tunaendelea na chai yetu, sijaona sababu ya kuiacha.

Magadi yana habari yake. Yanachimbwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, maziwa ya aina ile ile ya Nakuru, na yanakuja na floraidi yake. Watu wanayatia kwenye githeri ili iive haraka, na kwenye mboga za majani zenye ukakasi. Mama mkwe wangu anatoka Vihiga, na mrenda usio na magadi haumridhishi. Mkwe wa kiume hamwambii mama mkwe namna ya kupika, heshima yetu hairuhusu, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyeketi na mama yake jikoni, akamwonyesha karatasi ya vipimo na meno ya mjukuu mkubwa, yule wa shemeji yangu aliyekulia Rongai. Mama alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia dirishani, akatazama muda mrefu. Tangu siku hiyo mrenda wa watoto unapikwa kwenye chungu chao, hauna magadi, na ni mama mwenyewe anayesimamia.

Dawa ya meno nitaipitia haraka. Mtoto mdogo anaimeza, na nyingi zina ladha tamu. Aliye chini ya miaka mitatu anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima asimame hapo ahakikishe anatema. Asiache kupiga mswaki. Na nyinyi vijana mnaokuja studio mkiwa mmesugua meno kwa mkaa wa jikoni na ndimu kabla ya picha, tafadhali acheni. Ndimu inalainisha tabaka la juu la jino, mkaa unalikwangua, na lililokwanguliwa halirudi. Doa liko ndani zaidi ya hapo. Daktari wa meno ana njia zake za kupunguza madoa au kuyafunika, muulizeni yeye.

Nirudi kwenye ndoo. Mfupa umejengwa kwa kalisi na fosfati, na floraidi inavutwa mno na madini hayo. Ndiyo maana ikiingia mwilini inakimbilia meno na mifupa. Chujio limechukua tabia hiyo hiyo na kuitumia kutusaidia: floraidi inakutana na mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo, inanata humo, na haifiki kwenye mfupa wa mtoto wako. Elimu hii haikuja Nakuru jana. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kutoa floraidi kwa mkaa wa mifupa mwaka 1998, na baadaye ikashirikiana na watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi. Wengi wanaouza machujio haya hapa kwetu wametokea kwenye ujuzi huo, au wanauiga.

Siku ya kwanza ni ya kuosha. Unamimina maji juu, yanatoka ya kijivu, unamimina tena, hadi yatoke meupe kabisa. Yale ya kijivu tulimwagilia sukuma wiki. Ukifunua kifuniko unaona chenga ndogo kama za mahindi ya muthokoi yaliyovunjika, nyeusi zenye kung'aa kidogo, na juu yake sahani ya plastiki yenye matundu ya kuzuia maji yasichimbe shimo yakimiminwa. Mrija unaotoa maji ndoo ya juu umepinda kwenda juu kabla ya kushuka. Mwanzoni nilidhani ni mapambo tu, fundi akanieleza kwamba ndio unaofanya mkaa ubaki umezama wakati wote, kwa kuwa mkaa ukikauka maji yanatafuta njia za mkato na kupita bila kuchujwa. Maji yanashuka kwa uzi mwembamba. Ukiharakisha, mkaa haupati muda wa kushika kitu. Sisi tunajaza usiku, asubuhi ndoo ya chini imejaa.

Ladha? Kwetu imekuwa ya kawaida, sawa na maji ya mvua. Binti yangu wa miaka mitano, ambaye hukataa vitu kwa kuvinusa tu, aliyanywa bila swali. Kipimo cha kwanza cha maji yaliyochujwa kilisoma 0.3.

Jirani yangu wa chini hakubahatika hivyo. Alinunua lake kwa mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni, na maji yalitoka yananuka kama kwato zilizounguzwa. Tulimwaga mkaa wake juu ya gunia tukaangalia mchana kweupe: chenga nyingi zilikuwa za hudhurungi, nyingine nyeupe kama chokaa. Zile za hudhurungi hazikuchomwa vya kutosha, bado zina mafuta na nyama ndani, na ndizo zinazonuka. Nyeupe zimechomwa kupita kiasi, hazinuki, lakini nguvu ya kushika floraidi imepungua sana. Mkaa mzuri unachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, moto ukisimamiwa, na unatoka mweusi au kijivu kilichoiva. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue ndoo. Chota kiganja kimoja, tazama rangi, kinuse. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jambo linalonisumbua kuliko yote kuhusu chujio hili ni kwamba linachoka kimya kimya. Mkaa ukishashika floraidi unayoweza kushika, maji yanaendelea kupita vile vile, safi, hayana harufu, kwa kasi ile ile, na floraidi inapita nayo. Hakuna taa, hakuna alama, hakuna mabadiliko ya ladha. Mtu anaweza kulitumia miaka mitatu akiamini amekingwa kumbe anachuja hewa. Muda wa mkaa unategemea mambo mawili, floraidi iliyomo kwenye maji yako na lita unazopitisha. Maji ya kisima changu yakiwa na floraidi karibu mara tatu ya yale ya jirani wa ng'ambo, mkaa wangu utachoka mapema zaidi kuliko wake, hata tukichota sawa. Ndiyo maana muuzaji anayekuambia "hili linakaa mwaka" bila kuuliza maji yako yana floraidi kiasi gani anakisia tu.

Kwetu tumetundika kalenda ukutani pembeni ya ndoo, na kila ndoo inayomiminwa inawekewa alama. Watoto ndio wanaoweka, na wanagombania kalamu. Muuzaji alitupa idadi ya lita ambazo hatupaswi kuzipita kabla ya kupeleka chupa ya maji ipimwe. Ninashauri upime kabla ya kufika idadi hiyo pia, angalau mara moja, ili ujue mwendo.

Ukweli ni kwamba unachonunua hasa ni hicho kipimo. Ndoo mtu yeyote anaweza kuzitoboa. Kabla ya kuchagua muuzaji, uliza maswali haya: anapima wapi, anakupa karatasi yenye tarehe na namba, mkaa mpya unapatikana lini, na mkaa uliochoka anauchukua au anakuachia. Wangu alijibu yote vizuri, akaja mwenyewe kuchukua sampuli. Alipoteza alama kwa mambo madogo. Bomba lilivuja wiki ya kwanza na ilibidi nimpigie simu akaja kubadilisha kiwambo cha mpira. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika nyumba ambazo mara nyingi anayechota maji ni bibi au msaidizi wa nyumbani. Mke wangu aliiandika upya kwa Kiswahili na kuibandika kwenye kifuniko. Na bomba limewekwa chini mno, jagi haliingii, lazima uweke ndoo juu ya meza au stuli imara. Stuli iwe imara kweli, kwa maana ndoo zikijaa ni nzito na mtoto anaweza kuzivuta.

Bei ilizidi kidogo ile ya meko ya gesi ya kilo sita. Kubadilisha mkaa ni kama theluthi ya hiyo.

Kuhusu vijidudu nasisitiza tena: halichuji vijidudu, na mkaa wenye unyevu wakati wote unaweza hata kuwa makao yao. Utaratibu wetu ni kuchuja kwanza, kisha kuchemsha yale ya kunywa. Ukitumia klorini, itie kwenye ndoo ya chini baada ya maji kuchujwa. Yakishapungua floraidi, kuchemsha hakuna ubaya wowote.

Kuna watu ambao mifupa haiwafai kwa dini au kwa dhamiri, na hilo ni la kuheshimiwa. Rafiki yangu wa Bondeni, Mwislamu, aliniuliza mambo mawili: ni mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa wapi. Nilimpeleka kwa muuzaji aulize mwenyewe. Jibu la mnyama alilipata, ng'ombe. La kuchinjwa hakulipata kwa uhakika, kwa kuwa mifupa inakusanywa kutoka machinjio tofauti. Hakununua, na nilimwelewa. Yeye ananunua maji kwenye duka la kujaza mitungi mtaani kwao, ambako mashine inasukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba sana, na utando huo unazuia floraidi pamoja na chumvi. Ni njia nzuri, mradi mashine inatunzwa na duka linaweza kukuonyesha kipimo. Lakini ukihesabu mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, wa kunywa na wa kupikia, ndani ya miezi michache umeshalipa bei ya chujio. Wengi wanachofanya ni kununua ya kunywa tu, na githeri inarudi kwenye maji ya kisima.

Njia niipendayo kuliko zote, kuliko hata chujio langu, ni mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Mwenye paa la mabati, mifereji na tangi kubwa anaweza kulisha familia sehemu nzuri ya mwaka, akiacha mvua ya kwanza ioshe paa na vumbi kabla ya kuielekeza tangini. Kosa ninaloliona kwenye plot nyingi ni tangi moja kuwekewa mvua na kisima pamoja. Tenga tangi la mvua, hata liwe dogo, na weka bomba lake karibu na jikoni. Sisi wapangaji hatuna uamuzi juu ya paa, na ndipo ndoo mbili zinapokuwa msaada mkubwa, ukihama unahama nazo.

Nimeulizwa kama mtu mzima ana haja nalo, maana meno yake yalishaumbika. Ninaamini anayo, kama floraidi ya maji yake iko juu. Floraidi nyingi kwa miaka mingi inarundikana kwenye mifupa na viungo, vinaanza kukakamaa na kuuma, na kwa waliokunywa maji mabaya sana mgongo na shingo vinagoma. Mzee mmoja alikuja studio apigwe picha ya pasi, nikamwomba ageuze kichwa kidogo kuelekea taa. Aligeuza mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, kwa kuwa shingo haikuweza. Alisema hospitali walimpiga eksirei wakamuuliza maji anayokunywa yanatoka wapi. Amekunywa kisima kimoja tangu ujana wake. Nilisogeza taa ikamfuata yeye.

Kwa hapa kwetu, wapangaji tulikwenda kwa mwenye plot kwa pamoja tukiwa na ile karatasi ya 6.1. Alishtuka, hakuwa amewahi kupima zaidi ya kuangalia kama maji yana matope. Amekubali mambo mawili: kipimo cha kisima kitarudiwa na matokeo yabandikwe kwenye geti, na mifereji ya paa la nyuma itatengenezwa kabla ya mvua za Aprili, na tangi la lita 5,000 liwekwe chini yake kwa ajili ya jikoni tu. Mifereji imeshafika na imelazwa ukutani. Tangi bado tunalisubiri, na mpaka lije tunaendelea na ndoo zetu.